Herufi moja nusura ivunje chama

JE, msomaji, umewahi kuketi mezani na mkeo saa saba usiku, karatasi za benki zimetapakaa hadi sakafuni, nyote wawili mkijua kwamba Jumapili kuna mkutano na huenda mmoja wenu akaitwa mwizi?

Mimi yamenifika. Ilikuwa Januari 2024 katika nyumba yetu ya kupanga mtaani Umoja, Nairobi. Mke wangu ni mweka hazina wa chama cha wanawake 23 kilichoanza Januari 2016. Kila mmoja hutoa Sh2,000 kwa mwezi, hukopeshana, na mwaka ukiisha hugawana faida. Safari hii, kwa mara ya kwanza, mwenyekiti alitaka kitabu cha hesabu kilinganishwe na taarifa ya benki kabla ya mgao. Kilipolinganishwa, kitabu kilidai kuna pesa nyingi kuliko zile zilizokuwa benki. Tofauti ilikuwa Sh18,000.

Ukizigawa kwa wanawake 23, pesa hizo hazifiki Sh800 kwa mtu. Lakini katika chama pesa hazipimwi hivyo. Jioni hiyo hiyo mmoja wao aliandika kwenye kundi lao la WhatsApp kwamba kuna watu wanaojenga mashambani na haijulikani wanatoa pesa wapi. Ni kweli tulikuwa tumeezeka jikoni kwa mama yangu mnamo Novemba. Nami, kwa upumbavu ambao naujutia hadi leo, nilimuuliza mke wangu kama alikuwa na hakika. Hakunisemesha kwa siku mbili.

Aliyetunusuru ni shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, binti wa miaka 27 ambaye hutunga programu za kompyuta katika kampuni moja kando ya barabara ya Ngong. Alikuja Jumamosi kula chapati, kama ilivyo desturi yake, akatukuta katika hali hiyo. Dadake alimweleza huku machozi yakimlengalenga. Nilidhani atauliza ni nani mwingine anayeshika kitabu, au ni nani aliye na neno la siri. Wapi! Swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, mara ya mwisho hesabu hizi kulingana na benki ilikuwa lini?"

Hakuna aliyejua. Mke wangu mwenyewe alipokabidhiwa kazi hiyo Januari 2022 alipokea salio kwa nia njema akaendelea nalo.

Nusu kwa nusu

Tangu Januari 2016 hadi Desemba 2023 ni miezi 96. Sisi tulikuwa tumeanza kukagua mwezi wa kwanza, mstari baada ya mstari, na kufikia usiku wa pili tulikuwa bado tuko 2017, macho mekundu kama pilipili. Shemeji aliziondoa karatasi zetu zote mezani akaomba moja pekee, taarifa ya benki ya Desemba 2019.

"Mbona hiyo?" nikamuuliza.

"Iko katikati, shem. Kama salio la kitabu mwezi huo linalingana na la benki, basi miaka minne ya kwanza haina neno na tusiiguse tena. Kama halilingani, tuache miaka minne ya mwisho."

Zililingana. Kwa dakika tano alikuwa amefuta nusu ya kazi ambayo ingetukesha wiki nzima. Akaenda tena katikati ya nusu iliyosalia, Desemba 2021. Hapo kitabu kilizidi benki kwa Sh18,000 kamili. Mke wangu alishusha pumzi nikamsikia, kwani wakati huo hakuwa ameshika kazi hiyo bado. Desemba 2020 zikalingana. Juni 2021 zikakosana. Machi 2021 zikalingana. Mei 2021 zikakosana. Aprili 2021 zikalingana.

Hesabu mwenyewe: mara saba tu. Kosa lilikuwa limeingia Mei 2021, na mwezi huo ulikuwa na mistari isiyozidi thelathini.

Baadaye alinieleza kwamba kazini mwao jambo hilo ni la kila siku. Programu iliyokuwa salama mwezi jana leo imeharibika, na baina ya hapo watu kumi wameifanyia mabadiliko mia kadhaa. Hawayakagui moja moja. Wana chombo kiitwacho Git, kilichotungwa 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini ambaye pia ndiye mwanzilishi wa Linux. Chombo hicho huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadilisha nini, siku gani, na aliandika sababu gani. Ndani yake mna amri ya kusaka kosa nusu kwa nusu vivyo hivyo. Mabadiliko 1,000 huhitaji kukaguliwa mara kumi tu. Sikuamini hadi nilipochukua kalamu nikagawa mwenyewe.

Mbinu hiyo huhitaji jambo moja tu, nalo ni mahali pa kulinganishia. Kama chama kingekuwa kimetupa taarifa za benki, tungekwama.

Moja isiyo moja

Katika mistari ile ya Mei, mke wangu aliupata mkopo wa karo ambao mwanachama mmoja alikuwa amepewa. Sh18,000. Ulikuwa pale pale, umeandikwa vizuri, tarehe na jina. Mbona basi kompyuta haikuutoa katika jumla?

Shemeji alibofya kiasi hicho, akakikodolea macho, kisha akacheka. Ile haikuwa moja. Ilikuwa herufi l ndogo, ikifuatwa na nane na sifuri zake. Katika mwandiko wa mtindo wa Times, hasa ukiwa mdogo, l na 1 ni pacha. Binadamu husoma elfu kumi na nane. Lakini Excel huona neno, na inapojumlisha safu ya nambari huyaruka maneno kimya kimya, bila ya kulalamika. Kwa kitabu, pesa hizo hazikuwahi kutoka. Kwa benki, zilitoka.

Hapa nimjuze yeyote anayeweka hesabu kwa kompyuta jambo ambalo shemeji alitufunza hapo hapo. Kwa kawaida Excel husukuma nambari upande wa kulia wa kisanduku na maneno upande wa kushoto. Hiyo ni ishara ya bure. Ukiona kiasi kimoja kimejitenga kushoto ilhali wenzake wako kulia, kishuku. Bahati mbaya mtu fulani alikuwa amepanga safu nzima katikati ili ipendeze, na ishara ikapotea. Urembo huo ulitugharimu usingizi.

Mke wangu aliinuka kwa furaha, simu mkononi. Aliyeandika mstari huo alikuwa mweka hazina aliyemtangulia, mama mmoja mstaafu aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Alitaka kundi zima lijue usiku huo huo. Sikumlaumu. Alikuwa ametukanwa.

Shemeji akamshika mkono. "Dada, ngoja. Ukituma hivyo, umetafuta mchawi mwingine tu."

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu nahisi ndipo penye uzito. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia watunzi wa programu kazi zao, alifuta hazina ya data ya kampuni. Alidhani yuko kwenye kompyuta ya akiba, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alipogutuka na kusimamisha amri, data karibu yote ilikuwa imekwenda. Kwingine mtu kama huyo angeondoka na sanduku lake siku hiyo. Wao waliandika hadharani kilichotokea, hatua kwa hatua, bila ya kumtaja jina, na kazi ya kurejesha data wakaionyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Hawakushughulika na nani alikosea. Walitaka kujua ni nini kilichoruhusu kosa la mtu mmoja aliyechoka kufika mbali hivyo. Watu wa kazi hiyo wamezoea mikutano ya namna hii, na wanasema sababu yake si huruma. Mtu akijua ataadhibiwa atalificha kosa, na kosa lililofichwa hurudi likiwa kubwa.

Basi Jumapili asubuhi, kabla ya mkutano, mke wangu alikwenda kwa yule mama peke yake. Alimwonyesha mstari huo. Mama akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akamweleza kwamba mwezi huo kompyuta yake ilikuwa kwa fundi, akatumia laptopu ya mjukuu, isiyo na zile nambari za pembeni alizozizoea. Aliandika mistari michache tu. Vidole vilirudi ujanani. Alijifunza kupiga chapa kwa taipureta, na taipureta nyingi za zamani hazikuwa na moja kabisa. Uliandika l ndogo na kila mtu akaisoma moja.

"Mwanangu, mkono haukusahau," alimwambia.

Walikwenda mkutanoni pamoja, naye mama huyo ndiye aliyesimama kueleza. Mke wangu anasema hakuna aliyepumua kwa sauti. Aliyeandika ile habari ya kujenga mashambani aliomba radhi, ingawa si kwenye kundi alikoiandikia. Hilo bado linamkera mke wangu, na mimi pia.

Hawakuachia hapo. Shemeji aliwawekea mambo mawili. Visanduku vya pesa sasa hukataa chochote kisicho nambari, na chini ya kila mwezi pana kisanduku kimoja ambamo huandikwa salio la benki. Likitofautiana na la kitabu hata kwa shilingi moja, kisanduku hugeuka chekundu. Kazini kwao huita hilo jaribio. Kila kosa likishapatikana, huandika jaribio la kulinasa kabla ya kulirekebisha, ili lisije likarudi kwa mlango wa nyuma.

Akiba inayooza

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwandama shemeji kwa maswali hadi akaanza kuniuliza kama nataka kubadilisha kazi. Sitaki. Lakini nimeiba mambo kadhaa.

La kwanza ni majina ya faili. Zamani folda yangu ilijaa "makala", "makala mpya", "makala mpya kabisa" na "makala ya mwisho 2", na siku moja nilimpelekea mhariri ile isiyostahili. Sasa naanza jina na tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-01-21. Ukiandika hivyo, kompyuta huzipanga faili kwa mfuatano wa wakati bila ya wewe kuinua kidole. Ukianza na siku, tarehe 1 Desemba huja mbele ya tarehe 2 Januari na hakuna anayeelewana. Mpango huo si uvumbuzi wa shemeji. Ni kanuni ya kimataifa iliyotolewa 1988 na huitwa ISO 8601.

La pili ni nakala. Akiba haiozi, tunaambiwa, lakini akiba ya kompyuta huoza. Turudi kwa GitLab. Walipokimbilia nakala zao walizojiwekea kwa njia tano mbalimbali, waligundua kwamba hakuna njia iliyokuwa ikifanya kazi inavyopasa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla ya mkasa, kwa shughuli nyingine kabisa.

Hadithi ya filamu ya katuni Toy Story 2 ni ya ajabu zaidi, na wazazi ambao watoto wao waliichosha kanda hiyo wataipenda. Mnamo 1998, kampuni ya Pixar ikiwa mbioni kuitengeneza, mtu aliipa kompyuta amri ya kufuta mahali pasipofaa, na wahusika wakaanza kutoweka mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya wafanyakazi. Nakala za akiba zilipofunguliwa, zilikuwa na kasoro. Filamu iliokolewa na mama mmoja. Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, alikuwa amejifungua si zamani na alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwa hivyo kompyuta yake ilikuwa na nakala. Walikwenda kuichukua kwa gari, wakaifunga kwa mablanketi kama mtoto mchanga. Filamu ilitoka 1999.

Kanuni ambayo shemeji hufuata ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Chama sasa kina nakala kwenye laptopu, nyingine kwenye hifadhi ya Google, na ya tatu kwenye flashi. Lakini sharti ambalo shemeji hukariri kuliko yote ni hili: nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Kila baada ya miezi mitatu mke wangu hujifanya laptopu imeibwa. Hukopa simu yangu na kujaribu kufungua kitabu kutoka kwenye nakala. Mara ya kwanza alishindwa. Alikuwa amesahau neno la siri la Google, na tulikaa nusu saa tukilitafuta. Afadhali ilikuwa mchezo.

La tatu litawachekesha. Mezani pake kazini shemeji ana twiga mdogo wa mbao, wa kuuziwa watalii. Akikwama humweleza twiga tatizo lake, kwa sauti, mstari kwa mstari, na mara nyingi kabla ya kumaliza hujikuta amekwisha kuliona kosa. Wenzake Wazungu hutumia bata wa mpira, wakimfuata mtu mmoja katika kitabu cha The Pragmatic Programmer kilichoandikwa na Andrew Hunt na David Thomas na kutoka 1999. Ukiwaza kimya, akili huruka mahali inapodhani inajua. Ukieleza, huwezi kuruka. Mimi husomea makala zangu mwanangu wa darasa la pili. Haelewi mengi, lakini nikianza kugugumia najua sentensi hiyo ina ila.

Lipo pia la kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Runinga yetu ilipokataa kuonyesha, nilichomoa nyaya zote, nikabadilisha soketi, nikageuza antena, na ikawaka. Hadi leo sijui ilikuwa na nini, na ilipozima tena Aprili nilianza upya. Shemeji angebadilisha waya mmoja, aangalie, aurudishe, aende wa pili. Hiyo inachosha, nakubali. Naifanya nikikumbuka.

Na yuko na daftari, la karatasi, ambamo huandika kila tatizo lililomsumbua na jinsi lilivyoisha. Nilimuuliza kwa nini mtu wa kompyuta aandike kwa kalamu. Akanisimulia ya nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuta nondo amenaswa ndani ya mashine na kuikwamisha. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari lao la kazi, na wakaandika kwa utani kwamba ndiye mdudu wa kwanza kupatikana kweli kweli. Utani, kwa sababu mafundi wa Kizungu walikuwa tayari wakiita hitilafu mdudu kwa miaka mingi. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa na makavazi ya Smithsonian.

Mke wangu naye amenunua daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika: "Mei 2021. Si 1, ni l."

Kuhusu ile nakala ya tatu, ambayo sharti ikae mbali, tulishauriana wapi pa kuiweka. Tukaamua flashi iende kwa mama mkwe huko Kakamega, na ibadilishwe kila tunapokwenda sikukuu. Tuliitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuificha kwenye mkebe wa zamani wa majani chai, kabatini. Wiki mbili baadaye mama alipiga simu. Alikuwa akifagia kabati, na alitaka kujua hicho kitu kidogo cheusi kwenye mkebe wake ni cha nani, kwa maana alikuwa anataka kuweka njugu.

"Mwambie asikiguse," shemeji alipaza sauti kutoka jikoni, chapati mkononi. "Kisha umwambie akitafutie mkebe mwingine."

Mama akataka kujua ni dawa ya nini.